Nyuzi Sita kati ya Nane

Tafakari ya juma. Masomo: Marko 3:1–6 na Mwanzo 33:12–14

Jumapili iliyopita, watu wakitoka ibadani, bibi mmoja wa kanisa letu alinishika mkono wa kushoto pale mlangoni. Hakuwa ananisalimia. Aliugeuza juu chini kama mtu anayekagua kuku wa kununua, akabonyeza kovu kwa kidole gumba, akasema, "Mchungaji, litungu lako leo lilikuwa linachechemea."

Waliokuwa nyuma yake wakatazama viatu vyao. Mimi nilicheka, kwa sababu sijasikia neno lililolenga vizuri kama hilo. Wimbo wa matoleo niliuanza barabara. Ubeti wa pili vidole viwili vikachelewa, nyuzi mbili zikanipotea, kwaya ikanitazama, ikaona sirudi, ikaenda zake. Nilimalizia kwa uzi mmoja mnene, du, du, du, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga mbele ya ushirika tangu mwezi Machi.

Wengi mnaijua habari yenyewe, ila tafakari hizi husomwa pia na watu wa mbali, basi niirudie kwa kifupi. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe bondeni, chini ya shamba la mahindi. Mkono wa kushoto umekamata fungu la majani, wa kulia una panga, na panga lenyewe nilikuwa nimelinoa asubuhi hiyohiyo nikajisifu. Majani yalikuwa na umande. Fungu liliteleza; panga halikuteleza. Maumivu hayakuja upesi. Nilichoona kwanza ni kwamba nilipojaribu kukunja ngumi, kidole cha kati na cha pete vilibaki vimenyooka, kama watoto ambao hawakumsikia mwalimu akisema kaeni.

Nikapanda juu nimeufunga mkono kwa shati. Sasa, hapa Nyanungu, Tarime, tunajuana. Mtu akitokea na mkono uliokatwa kwa panga, swali la kwanza halihusu dawa. Wanaume wanne walikuwa wamesimama barabarani, na mmoja aliiachia baiskeli yake ikaanguka. Siku zote huniita Mchungaji, siku hiyo alisema, "Mura, ni nani?" Nikajibu, ni mimi mwenyewe. Akauliza tena, taratibu, kama ananipa nafasi ya kubadilisha jibu: "Nani kakukata?" Nikamwonesha mkono wa kulia. Niliona nyuso zao zikilegea, na nitakuwa mwongo nikisema hapakuwa na chembe ya kuvunjika moyo humo ndani. Tarime imezika watu wengi kwa mapigano ya koo, kwa mishale na mapanga, kwa sababu ya ng'ombe na mipaka ya ardhi. Kwetu mkono uliokatwa huwa na jina la mtu mwingine. Wangu haukuwa nalo.

Mahali pa kwanza nilipotibiwa walishona ngozi vizuri sana, wakaniambia vidole vitarudi uvimbe ukiisha. Uvimbe uliisha, vidole havikurudi. Ilipita karibu wiki tatu ndipo nikafika Mwanza, na daktari wa huko akanieleza kwa mfano wa manati: kano ni kama mpira, ukiukata haukungoji pale ulipokatikia, unajivuta na kukimbilia kiganjani, na kila siku inayopita unazidi kukaza hukohuko. Akaniambia pia kwamba sehemu niliyojikata, kuanzia kiganjani hadi katikati ya kidole, madaktari bingwa wa mikono wa zamani waliiita nchi isiyo na mwenyewe. Humo kano mbili hupita ndani ya mfereji mmoja mwembamba, na ukishona vibaya vyote hugandana vikawa kitu kimoja. Nikamwambia sisi tunaokaa ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Tuna kipande chetu ambacho ng'ombe akiingia hujui atatokaje.

Alinishona kwa uzi mwembamba wa plastiki, wa buluu. Nilipouona nikakumbuka litungu. Zamani wazee walisokota nyuzi zake kwa kano za ng'ombe, siku hizi tunafunga nailoni ya kuvulia samaki. Kwa hiyo litungu langu na mimi tumepitia njia moja: kano zimetoka, plastiki imeingia.

Kwa asiyelijua: litungu, iritungu kwa Kikurya chenyewe, ni kinubi kikubwa cha nyuzi nane. Bakuli lake ni mti uliochongwa, limewambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake iko chini sana. Hulisikii kwa masikio tu, unalisikia kwenye kigoda ulichokalia. Mimi nilifundishwa kugawa nyuzi, nne za mkono huu na nne za mkono ule, mkono mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu. Kidole kikikosekana, swali linabaki hewani.

Wiki sita mkono ulikaa kwenye banzi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa sheria ngumu kuliko kufunga kula. Kano iliyoshonwa ukiivuta mapema kwa nguvu, inakatika. Ukiiogopa ukaiacha imelala, inagandana na majirani zake na haitasogea tena. Basi uisogeze kidogo, mara nyingi, kila siku, na usijisifu ikienda vizuri. Mishipa ya fahamu nayo huota polepole, yapata milimita moja kwa siku. Nilikaa na rula ya mtoto wa darasa la nne nikapima kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole: sentimita saba. Siku sabini, kama hakuna kuchelewa, na kuchelewa kulikuwepo. Kwanza vilikuja vijisindano, kama siafu wamepanda ndani ya kidole. Mke wangu alinipa donge la ugali kila jioni nilifinyange likiwa vuguvugu, na kuku wakajua saa yangu ya mazoezi kuliko mimi.

Vidole vilipoanza kukunja, niliingia na litungu kwenye banda la ng'ombe, usiku, nikajaribu. Nyimbo zote zilikuwemo kichwani, kila moja, na mwanzo wake na mwisho wake. Mkono haukuwa na habari. Nililazimika kuvitazama vidole ili nijue kama vimegusa uzi.

Usiku ule nilirudi ndani nikafungua Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli na kutundika vinubi vyao mitini. Mtunzi anauapiza mkono wake wa kuume: akiusahau mji wake, mkono nao na usahau. Kiebrania hakisemi usahau nini. Sentensi inaishia hapo, na watafsiri wa lugha nyingine wameongeza neno, usahau ustadi wake, usahau kazi yake, ili msomaji asibaki ameachwa njiani. Mimi niliyekaa bandani nadhani aliyeandika alijua alichokifanya. Mkono ukisahau, husahau kile ambacho kichwa hakikuwahi kukijua, na ndiyo maana kichwa hakiwezi kuukumbusha.

Wale mateka walitundika vinubi. Hawakuvivunja. Nalisema hili kwa sababu miezi ile wazee wawili walinitembelea, watu ninaowaheshimu, wakakaa, wakanywa chai, na mmoja akasema labda Mungu ananiambia kitu. Litungu ni chombo cha pombe, akasema, ni chombo cha ngoma za usiku. Huenda mkono umekatwa ili nikiache. Alisema kwa upendo, namjua. Lakini sisi watu wa kanisa katika mkoa huu tuna historia na ala za muziki. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ng'ambo tu ya hapa, alilelewa katika nyumba ya dini, na gitaa lake la kwanza lilivunjwa na baba yake mwenyewe. Alivuka mpaka, akawa Misiani wa Shirati Jazz aliyesikika pande zote za ziwa mpaka ajali ya gari ilipomchukua Kisumu mwaka 2006. Kila nikipita njia ya Shirati huwaza kwaya ipi ilimkosa mpiga gitaa.

Ndipo nikaelewa kwa nini sura ya tatu ya Marko inanikera na kunivuta kwa pamoja. Kuna mtu mwenye mkono uliopooza ndani ya sinagogi. Luka, ambaye huangalia mambo ya mwili kwa karibu, anaongeza kwamba ulikuwa wa kulia. Kuna watu wanaovizia. Yesu hamwulizi mkono ulipoozaje, wala nani aliusababisha, wala Mungu alikuwa anamwambia nini. Anamwita asimame katikati, wote wamwone, halafu anamwagiza afanye kile hasa asichokiweza: aunyoshe. Kwa mpangilio huo, mkono ulianza kunyoshwa ukiwa bado mkono mbovu, mbele ya watu waliokuwa wanavizia.

Mpango wangu ulikuwa mwingine kabisa. Nilitaka nijifiche bandani mpaka nipige kama zamani, kisha siku moja nitokee, watu washangae, na nilikuwa nimeshachagua hadi wimbo. Aibu yake naikiri hapa. Na niikiri nyingine kubwa zaidi. Nilipokuwa nimefungwa banzi, vijana walichangishana wakanunua kinanda cha umeme, wanakichaji kwa sola. Kina midundo iliyokwisha kupangwa humo ndani. Ukibonyeza, ngoma zinaanza na hazikosei mpaka Yesu arudi. Ibada ziliendelea. Zilinoga. Watoto wakacheza. Mimi nilikaa madhabahuni na mkono wangu kifuani nikitabasamu, huku moyoni nikisubiri sola ifeli. Kidole kilichokatwa hakikuniuma kama kule kugundua kwamba nyimbo zinaimbika bila mimi.

Kijana anayekipiga kinanda ndiye aliyenitoa bandani. Alikuja jioni moja kuulizia funguo za kanisa, akanisikia, akasimama gizani muda mrefu bila kusema. Siku ya pili akaja na simu. "Mchungaji, shikamoo. Mwangalie huyu."

Alikuwa Django Reinhardt, mpiga gitaa. Django alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, katika familia za wale wanaoishi ndani ya magari ya kukokotwa na kuhama-hama. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, moto uliunguza gari alimolala na mke wake. Madaktari walitaka kumkata mguu, akakataa. Mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi za gitaa, ulipona ukiwa na vidole viwili vilivyojikunja, cha pete na cha mwisho, visivyonyoka tena. Ndugu yake alimletea gitaa, naye akakaa nalo karibu mwaka mmoja na nusu akitafuta namna. Mwaka 1934 alikuwa Paris na kikundi chake na Stéphane Grappelli, na watu waliokuwa na vidole vyote kumi wakaanza kumfuata kujifunza.

Kijana alirudisha nyuma video mara nne ili nione vidole viwili vikipanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa kama panya kwenye kamba ya kuanikia. Vile vilivyojikunja alivitumia pia, alivikandamiza tu mahali fulani alipohitaji sauti nene. Moto ulimnyang'anya njia aliyoizoea, akachonga nyingine. Hakupona, kwa maana tunayoitumia sisi tukiombea wagonjwa.

Nilimweleza kijana jambo ambalo simu haikumwonesha. Gitaa la Kongo walilopenda wazazi wetu, lile la Mwenda Jean Bosco ambaye Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, lilichezwa mkono wa kulia kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Magharibi mwa Kenya vijana wa George Mukabi walichuna hivyohivyo. Mmoja ana vidole viwili kwa kulazimishwa na moto, wengine walichagua viwili tu, na watu wakadhani wanasikia magitaa mawili. Kijana akaniuliza kwa nini basi nang'ang'ania nyuzi nane. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia kwa sababu ziko nane.

Si kila mtu hurudi, na sitaki mtu aliyelala na ganzi mkononi asome hapa aone amelaumiwa kwa kutopona. Remmy Ongala alitoka Kongo mashariki akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akatikisa nchi na Super Matimila kwa nyimbo za masikini na za kifo, hata kituo cha daladala cha Sinza kikabeba jina lake. Kiharusi kikampiga. Jukwaa lile la zamani halikumpata tena kama lilivyomjua. Aliporudi, alirudi na nyimbo za injili, na kwa hizo akaenda mpaka Desemba 2010 alipofariki. Sijui kama mtu anaweza kuita huko ni kurudi au ni kuhamia nyumba nyingine. Katika ushirika wetu wapo walioipoteza mikono, na si kwa panga lao wenyewe. Wananisikiliza nikisimulia habari ya vidole viwili vyangu, na ninajua wanavyonitazama.

Kwa ajili yao ndiyo nimelifikiri sana lile swali la barabarani. Nani kakukata? Nilijibu kwa mzaha nikaonesha mkono wa kulia, na mzaha ukanifuata nyumbani. Mkosaji wangu na majeruhi wangu wamefungwa kwenye mabega yaleyale. Wanakula sahani moja. Na kwenye litungu lazima wakae pamoja, huyu na nyuzi zake, yule na zake. Wiki za kwanza mkono wa kulia haukuwa na subira. Unajua kazi, una nguvu, haujaguswa na chochote; ulikuwa unakimbia, unafika mwisho wa mstari na kukaa pale ukimngoja mwenzake kwa kelele. Nilidhani kazi yangu ni kuuharakisha wa kushoto umfikie. Nikauharakisha, ukavimba, nikapoteza siku kumi.

Jioni moja nikafanya kinyume. Nikauambia wa kulia uende kwa mwendo wa huyu uliyemkata. Wimbo ukawa mrefu, ukawa mzito, lakini haukuvunjika. Nyuzi mbili za mkono wa kushoto nimeziacha kwanza. Ziko pale, zimekazwa, zinavuma zenyewe wenzao wakiguswa. Napiga sita.

Hapo nilimkumbuka Yakobo. Tunapenda kuhubiri mwereka wake wa usiku kule mtoni na kuchechemea kwake asubuhi, kisha tunafunga kitabu. Tufungue ukurasa unaofuata. Huyu mchechemeaji siku hiyohiyo anakutana na Esau, ndugu aliyemdhulumu, mwenye watu mia nne. Wanalia, wanakumbatiana, na Esau, mtu wa mbio, anasema haya, tuondoke, nitatangulia nawe. Yakobo anamwita bwana wangu na kumwomba atangulie peke yake. Watoto ni wachanga, anasema, kuna ng'ombe na kondoo wanaonyonyesha, ukiwaswaga kwa nguvu hata siku moja kundi lote litakufa. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto. Najua wapo wanaosema Yakobo alikuwa anamkwepa kaka yake tu, maana kweli hakumfuata mpaka Seiri. Inawezekana, Yakobo ni Yakobo. Lakini aliyewahi kuswaga ng'ombe mwenye ndama kutoka hapa kwenda mnadani anajua kwamba udhuru ule ulikuwa wa kweli hata kama ulikuwa udhuru. Mwendo wa kundi unawekwa na aliye nyuma kabisa.

Wazee wetu wa koo wamekaa vikao vingi vya suluhu. Nimehudhuria baadhi. Mara nyingi upande ulioumiza ndio unaotaka mambo yaishe leo: tumekwisha kulipa, tumekwisha kula pamoja, tuendelee. Upande ulioumizwa unaomba mwezi mwingine. Nimekuwa nikiwaona hawa wa pili kama wagumu wa moyo, na nimewahi kuwasukuma. Milimita moja kwa siku. Laiti ningekuwa na rula ile mfukoni.

Kwa hiyo kwaya isichukue neno la yule bibi kama lawama kwangu peke yangu. Mlinitazama, mkaona nimechelewa, mkaenda. Mimi ningefanya vilevile. Nimewafundisha mimi mwenyewe kwamba wimbo ukianza haungoji mtu.

Jumatano tulijaribu tena, mimi na kijana wa kinanda peke yetu. Kile kinanda kina namba ndogo inayoonesha kasi, na wimbo wa matoleo huwa anauweka 112. Akaishusha hadi 96, nikashindwa ubeti wa pili. Akaishusha hadi 84. Ngoma za ndani ya mashine zikawa zinatembea kama wazee wanaotoka msibani, na yeye akacheka peke yake. Tulifika mwisho. Uzi wa tano niliukosa mara mbili, wa sita haukukosea.

Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi saa kumi jioni. Yule bibi amesema atakuja, na hajawahi kuja mazoezini. Amesema anataka kukaa mbele, upande wa kushoto.